Konekta ndogo ya M8 kwenye boti inavujisha noizi, VHF na GPS zinasumbuka. Shildi yake inafungwaje?

KijanaWaLangoni (Lamu)

Assalam aleikum wanajamvi. Nina swali la shildi (ile kinga ya chuma ya kuzuia mawimbi) ya konekta ndogo, naeleza kwa kirefu kidogo mnivumilie.

Natengeneza kiboksi cha kuweka kwenye boti za fiba na mashua zenye injini hapa Lamu. Kazi yake kinasoma joto la injini, mizunguko na volti za betri, alafu kinatuma hizo habari pamoja na mahali chombo kilipo kwa simu ya mwenyewe. Anayesafiri kwenda Kizingitini ama Kiunga wakati wa kusi anajua umuhimu wa kitu hichi, injini ikizimika nje ya miamba watu wa nyumbani wajue waanzie wapi kutafuta.

Boksi ni plastiki ya kuprinti, sentimita 9 kwa 6 hivi, ndani kuna bodi moja yenye GSM, GPS na moduli ya LM2596 ya kushusha volti 12 ziwe 5. Antena ya GPS iko juu ya kifuniko. Kinachotoka nje ni konekta moja tu ya duara ya M8 yenye pini nne, nimeichagua kwa sababu nafasi hakuna, na kutoka hapo kebo ya mita tatu inaenda mpaka kwenye injini.

Sasa shida. Kebo ikichomekwa, redio ya VHF ikiwa chaneli 16 inaanza kuvuma shhhh, skwelchi (kile kizibo kinachonyamazisha redio asipoongea mtu) inafunguka yenyewe, na GPS inapoteza satelaiti moja moja mpaka inakosa pa kusimama. Kebo ikichomolewa, kimya kabisa, kila kitu kinarudi sawa. Ndani ya boksi nimebandika foili ya shaba pande zote. Kebo yenyewe ina shildi ya kusuka, na hio shildi inafika kwenye ganda la konekta, alafu kutoka kwa nati ya konekta kuna waya mmoja wa sentimita 4 hivi unaoenda graundi ya bodi. Upande wa injini shildi imeachwa haijafungwa popote manake niliambiwa shildi hufungwa upande mmoja.

Je foili iwe nene zaidi? Ama hii M8 ni ndogo sana kwa kazi hii, nihamie M12? Chaneli 16 ndio ya kuitia msaada, siwezi kumuwekea mtu kitu chomboni ambacho kinamzibia sikio la redio.

BandariJuu

Waalaikum salaam kaka. Mimi ningekwambia achana na plastiki tafuta kiboksi cha alumini cha kumiminwa, noizi yote itabaki ndani. Foili ya kubandika haina nguvu.

Mzee_wa_Mawimbi (Malindi)

Mwanangu wa Langoni, swali lako umelieleza vizuri na jibu liko ndani ya maelezo yako mwenyewe, pale uliposema waya wa sentimita 4.

Kwanza nimjibu ndugu wa Bandari. Unene si tatizo. Masafa yakipanda mkondo wa umeme hautembei ndani ya chuma, unatembea kwenye ngozi ya juu tu. Kwenye shaba, megahezi 1 ngozi hio ni kama mikromita 66, ukifika 100 ni 6.6 tu, na kwenye gigahezi 1 ni 2 na kitu. Foili ya kawaida ya mikromita 35 ni nene mara tano na zaidi kwa masafa ya VHF. Kwa hio aliyenunua boksi zito la alumini akaacha tundu la konekta vile vile hajapata chochote. Nyinyi watu wa Lamu mnajua chombo hakiingizi maji katikati ya ubao, kinaingiza kwenye maungio, ndio mafundi wakakaa siku nzima na kalafati. Shildi ni hivyo hivyo, na kwenye boksi lako ungio kubwa kuliko yote ni konekta.

Sasa huo waya. Waya mwembamba una indaktansi, yaani tabia ya kuzuia mawimbi zaidi kadri masafa yanavyopanda, ya kama nanohenri 10 kwa kila sentimita, kwa hio sentimita 4 ni nano 40. Chaneli 16 ni megahezi 156.8. Piga hesabu, mbili mara pai mara masafa mara indaktansi, unapata karibu ohmu 39. Ukiweka multimita itakuonyesha sifuri, itakwambia shildi imefika graundi, lakini multimita inapima umeme wa betri, haipimi mawimbi. Kwa mawimbi ya VHF hapo pana ohmu 39, na kwa GPS kwenye megahezi 1575.42 pana karibu ohmu 400. Noizi ya bodi inakwama kwenye huo waya, na shildi ya kebo yako ya mita tatu imeungwa kwenye ncha yake ya pili, basi kebo imekua antena. Robo ya wimbi la chaneli 16 ni sentimita 48 tu, mita tatu ni antena ya kutosha na kubaki. Ndio mana ukichomoa kunakua kimya, boksi peke yake ni dogo halina mkono wa kurushia.

Kinachotakikana ni ganda la konekta ligusane na shildi ya boksi kuzunguka duara lote, digrii 360, bila waya wowote katikati. Na ganda hilo hilo ligusane na msuko wa kebo kuzunguka duara lote pia. Usikusanye msuko ukausokota mkia wa panya ukaulehemu pahali pamoja, ufungue kama mwavuli ubanwe na ringi ya chuma ama kola ya konekta yenyewe. Ukinunua plagi ya M8 angalia kama ni ile ya shildi yenye nati ya chuma na kibanio cha msuko ndani, zipo zenye nati ya plastiki na kwa nje zinafanana.

M8 kwa M12 hapa haina tofauti kubwa. Kwa kweli tundu dogo ni rahisi zaidi kuliziba.

KijanaWaLangoni

Mzee shukran sana, hili la ohmu 39 limenifungua macho. Lakini nna swali, soketi yangu inafungwa na nati kwa ndani na kuna ringi ya mpira ya kuzuia maji kati ya soketi na boksi. Foili ya shaba iko ndani, ubavu wa nati unaigusa upande mmoja kidogo. Je hapo si tayari imegusana?

Mzee_wa_Mawimbi (Malindi)

Kugusa pahali pamoja hakutoshi, na hapa ndipo watu wengi huhadaika manake wanaangalia upana wa ufa. Ufa unavujisha kwa urefu wake, si kwa upana. Mwanya wa nywele wenye urefu wa sentimita mbili na nusu unapitisha mawimbi karibu sawa na mwanya mpana wa urefu huo huo.

Mzunguko wa tundu la milimita 8 ni milimita 25. Nati ikigusa pahali pamoja tu, una ufa wa milimita 25 uliopindwa duara. Hesabu ya makadirio, chukua nusu ya urefu wa wimbi gawanya kwa urefu wa ufa, kisha logi yake mara 20. Wimbi la GPS ni sentimita 19, nusu yake milimita 95, gawanya kwa 25, unapata kama desibeli 11 na nusu. Hio ni kinga dhaifu sana. Ukigusa pahali panne palipopishana sawa unafika kama 23. Ukiweka ringi ya chuma yenye meno ya springi, kila jino milimita 2 kutoka kwa mwenzake, unapita 30. Ni hesabu ya ufa mtupu, konekta ina waya zinazopita kati kwa hio usiishike kama msahafu, lakini inakuonyesha pa kuweka nguvu zako, weka kwenye idadi ya sehemu zinazogusa.

Na foili yako nayo iangalie. Gundi ya foili nyingi haipitishi umeme. Ulipopishanisha kipande juu ya kipande pana gundi katikati, huo ni ufa mrefu kama boksi lenyewe. Lehemu kila baada ya sentimita moja kwenye kila ungio.

Sisi wa Malindi tumekua tukiyaona madishi ya kituo cha Luigi Broglio kule Ngomeni, na ukubwa wa yale madishi unakwambia ishara ya satelaiti inafika chini ikiwa imechoka. GPS inarushwa kutoka kilomita elfu 20 na ushei na inatua kwenye antena yako ikiwa kama desibeli 130 chini ya miliwati moja. Kitu chochote kidogo kinachovuja sentimita mbili kutoka kwa antena kinaizima.

SaketiZaPwani (Malindi)

Nakubaliana na Mzee kwa yote ila naona jambo moja halijaguswa. Kaka wa Langoni hata ukifunga shildi digrii 360, pini nne bado zinapita katikati ya ukuta wa boksi zikiwa zimebeba uchafu wote wa bodi kwenda nje. Na sensa yako ya joto kule kwenye injini najua haina shildi, hizi za kufungia kwenye bloku ni waya mbili tupu, kwa hio shildi ya kebo inaishia hewani na noizi iliyopanda kwenye waya za ndani inatokea pale.

Kwa hio kila pini iwe na kapasita yake (kapasita inazuia umeme wa betri ila inapitisha mawimbi) pale pale inapoingia, ya nanofaradi 1 kwenda kwa graundi ya ganda, si graundi ya katikati ya bodi. Nano 1 kwenye 156.8 ni kama ohmu 1, noizi inaona mlango wa kurudi nyumbani kabla haijatoka. Joto la injini linabadilika polepole, na mizunguko ni pulsi za chini, haziumii na nano 1. Kwa GPS hio nano 1 haisaidii sana manake miguu yake yenyewe ina indaktansi, ongeza kandokando yake kapasita ndogo ya pikofaradi 22 saizi ya 0402, hizo zinafanya kazi vizuri karibu na gigahezi moja na nusu. Via (vile vitundu vya shaba vinavyopenya bodi) za kwenda graundi ziwe mbili ama tatu kwa kila kapasita na ziwe zimeigusa pedi. Via ikiwa mbali milimita tano umerudi kwa mambo ya waya wa sentimita 4.

Alafu ile LM2596. Yenyewe inapiga kilohezi 150, mtu anaweza sema 150 kilo na 156 mega zinakutana wapi, lakini swichi ikifunga na kufungua kingo zake zinalia kama kengele kwenye makumi na mamia ya mega. Moduli za kununua zina njia ndefu kati ya kapasita ya kuingilia, chipu na dayodi, ile duara ndio kipaza sauti. Ukichora bodi yako mwenyewe kaza hio duara iwe ndogo kabisa na uweke kapasita ya seramiki pale pale kwenye mguu wa kuingilia. Noizi isiyozaliwa haihitaji shildi.

BandariJuu

Sawa nimeelewa. Lakini shildi kufungwa pande mbili si italeta kitanzi cha graundi, mkondo uzunguke kwenye shildi yenyewe? Kwenye mziki tulifundishwa fungua upande mmoja la sivyo spika zinanguruma.

SaketiZaPwani (Malindi)

Kaka hilo ni kweli kwa spika, kule unapigana na hezi 50 na kebo ni fupi mno ukilinganisha na wimbi lake. Kwa mawimbi ya redio kebo ni ndefu kuliko wimbi, upande ulioachwa wazi unakua ncha ya antena. Kwa kebo kama hii shildi ifungwe pande zote mbili. Kama unaogopa mkondo wa starta ya injini upite kwenye shildi, na kwenye boti ni haki kuogopa manake ule ni mkondo mkubwa na waya wa negativu ukilegea utatafuta njia nyingine, basi upande wa injini funga kupitia kapasita ya nano 10 badala ya moja kwa moja. Umeme wa betri haupiti, mawimbi yanapita. Miguu ya kapasita iwe mifupi.

Tahadhari moja. Chombo kikiwa na mtandao wa NMEA 2000 wa vyombo vya baharini usiuguse kwa kanuni hii, ule una sheria yake, shildi ya mtandao mzima inaungwa graundi pahali pamoja tu panapoingia umeme. Kebo yako ya sensa haimo kwenye huo mtandao kwa hio uko huru.

DadaWaWatamu

Samahani kuingilia, mimi nna jambo la karibu na hili. Kwenye boti ya watalii nimeweka kompyuta ndogo ya bodi moja yenye diski ya USB 3 kurekodi kamera, diski ikianza kuandika WiFi ya abiria inakufa. Ni konekta pia?

Mzee_wa_Mawimbi (Malindi)

Uwezekano mkubwa ni hio, binti yangu. USB 3.0 inatembea gigabiti 5 kwa sekunde na noizi yake imetanda mpaka juu ya gigahezi 2.4 ambapo WiFi inakaa. Intel wenyewe walitoa karatasi mwaka 2012 wakaonyesha sakafu ya noizi ikipanda karibu desibeli 20 kifaa kikiwa karibu na antena. Inavuja kwenye plagi, kwenye soketi na kwenye ganda la diski yenyewe. Njia za haraka, sogeza diski mbali na antena, tumia kebo fupi yenye shildi nzuri, ama uhamishe abiria kwenye WiFi ya gigahezi 5. Ukiwa unachora bodi, soketi ya USB-C uichague yenye ganda lililofunikwa mpaka nyuma, na miguu yote ya ganda ilehemiwe kwenye graundi, yote, usiache hata mmoja.

DadaWaWatamu

Ahsante mzee, nasogeza diski leo jioni.

SaketiZaPwani (Malindi)

Langoni kitu kingine, usifanye haya kwa kubahatisha. Tafuta kile kiredio cha USB cha RTL-SDR, bei yake si kubwa na kinasikia kuanzia mega 24 mpaka kama 1766, yaani VHF na GPS zote zimo. Chukua kipande cha kebo ya antena, ncha yake pinda kitanzi kidogo cha sentimita moja, kitanzi kile kipitishe taratibu kuzunguka konekta huku unaangalia skrini. Pale noizi inapopanda ndipo panapovuja. Unaweza kutofautisha kama ni nati, ni ungio la foili ama ni kebo yenyewe. Ukirekebisha kimoja pima tena kabla hujaenda kwa kingine la sivyo hutajua nini kilisaidia.

KijanaWaLangoni

Wanajamvi nimerudi na habari. Kiredio nimekiazima kwa rafiki yangu wa Shela. Ule waya nimeuondoa, nimekata ringi ya shaba nikaitia meno, inabanwa na nati dhidi ya foili na foili nimeilehemu kwenye maungio. Kitanzi kikipita kwenye konekta mlima uliokua pale 156 umeshuka sana. Skwelchi ya redio imefunga, hata nikiwasha injini inabaki kimya. GPS imerudi lakini bado satelaiti mbili tatu zinayumba, nadhani ni zile kapasita manake bodi ya sasa haina pa kuziweka, nimezilehemu juujuu kwa miguu mirefu. Kwa mda nimeweka pia feraiti ya kubana (kile kipete cheusi cha kunyonya noizi) kwenye kebo.

SaketiZaPwani (Malindi)

Hongera kaka! Feraiti kwa VHF ni sawa, aina ya 43 ndio yake, ila kwa GPS haifanyi kitu cha maana, huko juu imeshachoka. Zile satelaiti zinazoyumba zitatulia ukichora bodi mpya. Acha ukanda wa shaba usio na rangi kuzunguka ukingo wa bodi upande wa konekta, ukanda huo ndio graundi ya ganda, kapasita zote nne zisimame juu yake, na boksi liubane ukanda huo moja kwa moja.

Na ukifikia kuuza kumbuka kifaa chenye GSM kinahitaji kupitishwa na Mamlaka ya Mawasiliano, anza hio safari mapema.

KijanaWaLangoni

Inshallah. La mwisho ni chumvi. Hii ringi ya shaba na nati ya konekta zitaishi vipi chomboni? Huku kwetu hata bawaba ya mlango haimalizi kaskazi mbili.

Mzee_wa_Mawimbi (Malindi)

Hilo ndilo swali ambalo vitabu vya mabara mengine hulipitia juu juu, na kwetu ndio kazi yenyewe. Shildi iliyopimwa nzuri leo, kutu ikiingia kati ya metali mbili imekua ufa tena na hutaiona kwa macho.

Metali mbili zikigusana penye maji ya chumvi, ile dhaifu inaliwa. Kwa mazingira makali tofauti ya volti kati yao isipite 0.15. Konekta nyingi za M8 ni shaba nyeupe iliyopakwa nikeli, na nikeli kwa shaba tofauti yake ni kama 0.05, uko salama. Ndio mana sikumuunga mkono ndugu wa Bandari kwa boksi la alumini, alumini na nikeli ni karibu 0.6, hapo alumini itageuka unga mweupe pale pale kwenye mgusano. Na mtu akilazimika kutumia alumini asiipake anodaizi penye konekta, ile ngozi ya oksidi ni kihami, haipitishi umeme.

Mpangilio wa ungio ni muhimu kuliko metali. Ringi ya mpira ikae nje, ringi ya meno ikae ndani yake, maji yakutane na mpira kwanza na mgusano ubaki pakavu. Meno na foili vipake bati kwa lehemu pale vinapogusana tu, bati juu ya bati, kisha grisi ya silikoni nyembamba kuzunguka kwa nje, ipakwe baada ya kukaza nati, si kabla, usije ukatia grisi kati ya meno na foili. Na M8 ya IP67 (isiyoingiza vumbi wala maji) ni IP67 ikiwa imechomekwa tu. Kebo ikitolewa soketi ivalishwe kofia yake papo hapo, kofia ifungwe kwa kamba kwenye boksi manake isipofungwa itaanguka baharini.

Nati ukaze kwa kipimo kimoja kila mara, na chombo kikipandishwa pwani kusafishwa fungua moja uangalie meno. Ukikuta yameingia weusi badilisha ringi, ni kipande cha shaba tu.